Kuchi wako wanachanganyika na kuroila wa jirani? Anza hivi

Dada wa Tabora, nimekuelewa: umebaki na jogoo mmoja wa kuchi (kuku wetu wa asili, warefu) na matetea watano, kuroila wa jirani (kuku chotara) wanaingia uani, na unauliza kama jogoo apande binti zake.

Asiwapande. Ukizalisha ndani ya ukoo mmoja, baada ya vizazi vichache mayai yanakataa kuanguliwa na vifaranga wanadumaa. Tafuta jogoo wa ukoo mwingine, Shinyanga au Mwanza kuchi bado wapo. Usidanganyike na urefu pekee, chotara pia hurefuka. Kuchi ana upanga mdogo uliolala kichwani, shingo ndefu, manyoya haba kifuani na kusimama wima.

Kabla ya hapo, jenga uzio. Tetea hutunza mbegu za jogoo mwilini hata wiki tatu, kwa hiyo mayai ya wiki tatu za kwanza baada ya kuwatenga na kuroila kula au uza. Ya kuatamiza kusanya baada ya hapo. Majogoo wawili usiwafungie pamoja, kuchi hupigana mpaka kufa.

Jogoo mgeni mtenge wiki mbili, maana mdondo (ugonjwa wa Newcastle) ndio unaomaliza kuku wetu. Chanjo yake, iitwayo I-2, ni tone moja jichoni, rudia kila miezi mitatu. Ukiona shingo zimepinda na kinyesi cha kijani, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo, usiuze wala kugawa kuku.

Na tafadhali, mpe jirani mwaminifu jozi moja akutunzie. Mbegu hii isikae banda moja tu.