Swali la Lugha: Wali au mchele? Na ukoko je?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, mume wangu ni mtu wa Unguja. Tangu mwaka jana tumejiwekea desturi: kila Ijumaa usiku mmoja wetu anapika chakula cha nchi nyingine, na watoto wanaandika majina ya vyakula kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji. Wiki mbili zilizopita zamu ilikuwa yangu, nikapika chakula cha Kichina, na kijana wetu akaandika "mchele wa kukaanga". Baba yake alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema yeye si kuku ale mchele. Mimi nimekua nikisema "leo tunakula mchele na maharagwe" na hakuna aliyewahi kunicheka. Nani ana haki? La pili: Ijumaa iliyofuata binti yetu alipika wali wa Kiirani, ule unaopinduliwa kwenye sinia ukatoka na tabaka kavu la rangi ya dhahabu. Baba yake akasema huo ni ukoko. Binti akanuna: ukoko ni kitu cha kukwanguliwa sufuriani, hawezi kuuandika kwenye orodha ya wageni. Kiswahili hakina jina zuri zaidi ya hilo?

JIBU: Nianze kwa kumpa baba haki yake, halafu nimnyang'anye kidogo.

Kiswahili cha pwani huifuata punje hii hatua kwa hatua. Ikiwa shambani, hata ikishavunwa na kupurwa lakini bado imo ndani ya ganda lake, huo ni mpunga. Ukoboe, kwa kinu na mchi au kwa mashine: maganda ni makapi, ungaunga wa juu ni pumba, punje zilizovunjika ni chenga, na kile cheupe kinachoingia guniani ni mchele. Mchele ukipikwa ukaiva, ni wali. Mtu wa Unguja akisikia "pakua mchele" anaona sahani iliyojaa punje kavu. Akisikia "osha wali" anaona mtu anamwagia maji chakula cha watu. Ndiyo maana mumeo alicheka. Hakukudharau, picha aliyoipata kichwani ilikuwa ya kuchekesha kweli.

Hatuko peke yetu katika kuipa punje moja majina matatu. Waindonesia wana padi, beras na nasi. Wafilipino wana palay, bigas na kanin. Wajapani wana ine, kome na gohan, na hilo gohan limekua mpaka likawa mlo wenyewe: kifunguakinywa ni asagohan, yaani gohan ya asubuhi, hata kama mezani pana mkate na yai. Huko Kuwait na Bahrain wali huitwa aish, neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, na mzizi wake ndio uliotupa sisi "maisha". Mmisri naye ukimwambia aish atakuletea mkate. Kila mtu ameliweka neno la uhai pale tumbo lake lilipo.

Lakini msiniharakishe kusema kwamba anayekula wali sana ndiye mwenye maneno mengi. Jirani zetu wa Madagaska wanaula asubuhi, mchana na usiku, na neno lao ni moja, vary, liwe gunia au sahani, na hawalali njaa kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo ninapomnyang'anya baba haki yake. Ukitoka pwani ukapanda bara utalikuta neno letu limesafiri, na limesafiri peke yake. Waganda wanasema omuceere, Wanyarwanda na Warundi umuceri, na kwao neno hilo moja linatosha kwa mbichi na kwa kilichoiva. Ni "mchele" huyohuyo aliyebadilisha nguo. Kwa nini haikusafiri "wali"? Dhana yangu ni nyepesi: msafara hubeba mchele, haubebi wali. Kilichofika sokoni ndicho kilichotajwa jina, na kilipoingia jikoni kiliendelea kuitwa kwa jina lake la sokoni. Kwa hiyo mama anayesema Nakuru "tunakula mchele na maharagwe" hajakosea njia. Ana ukoo mrefu nyuma yake, kutoka Bonde la Ufa mpaka Kigali. Mezani kwako, na watu wako, sema hivyo bila wasiwasi.

Karatasi ya friji, hata hivyo, ni jambo jingine. Hiyo ni lugha ya mapishi, na mapishi yanataka kujua punje ilikuwa katika hali gani ilipokutana na mafuta. Kile chakula cha Kichina hupikwa kwa wali ulioiva tayari, tena wapishi wengi huutaka ule uliolala, kiporo cha jana, au mwiku kama wasemavyo wakwe zako, kwa sababu umekauka na chembe zake zinaachana vizuri kwenye karai. Kinachokaangwa pale ni wali. Ni wali wa kukaanga, na mwanao akitaka ushahidi wa nje, amwangalie Mwindonesia: nasi ni wali, goreng ni kukaanga, nasi goreng. Hakuna anayesema beras goreng.

Sasa angalia upande wa pili. Mtaliano anapopika risotto huanza kwa kuzigeuzageuza punje mbichi ndani ya siagi mpaka zipate joto na kung'aa, ndipo anamimina supu upawa baada ya upawa. Hapo kinachokaangwa kweli ni mchele. Mama yangu pia, kwenye pilau yake, kitunguu kikishakuwa hudhurungi na thomu, tangawizi na bizari nyembamba zikishatoa harufu, alimwaga mchele mkavu akaukaanga kwenye mafuta kabla ya kutia maji. Kwa hiyo Kiswahili kinakupa kwa neno moja habari ambayo lugha nyingine huitafutia sentensi nzima: "kaanga mchele" na "kaanga wali" ni mapishi mawili, na ukichanganya maneno utachanganya chakula. Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Hawakusema wali mmoja. Wali ukishakuwa wali, mapishi yamekwisha kuamuliwa.

(Kuhusu risotto yenyewe: siku niliyoilisha nyumba yangu, shangazi aliuliza kwa upole kama maji yalinizidi. Kwake wali usiochambuka ni bokoboko, na maji yakizidi zaidi ni mashendea, na maneno yote mawili ni ya kumhurumia mpishi. Nilieleza kwamba Wataliano wanautaka hivyohivyo. Akasema, "Sawa, mwanangu," akaongeza ndimu.)

Kuna kosa dogo ambalo hukuuliza lakini najua litafika kwenye friji yenu, nalo ni "wali wa pilau". Pilau yenyewe ni wali. Jina lilitoka kwa Waajemi, yaani Wairani, polow, likapita kila upande, Waturuki wakaita pilav, Wauzbeki palov, na kwa kawaida maana yake ni wali uliopikwa pamoja na viungo vyake. Kuongeza "wali wa" mbele yake ni kama kusema "chai ya majani ya chai". Andika pilau, basi. "Mchele wa pilau", kwa upande mwingine, ni sahihi kabisa, lakini huo unaununua dukani: ni mchele unaofaa kupikia pilau. Kile kidude "wa" kinafanya kazi mbili tofauti, na nomino iliyotangulia ndiyo inayokuambia ni kazi gani.

Na biriani? Hapo "wali wa biriani" ni halali, na sababu iko chunguni. Biriani ya pwani, tofauti na pilau, hupikwa sehemu mbili: wali wake peke yake, na rojo lake la nyama, kitunguu na mtindi peke yake, vinakutana wakati wa kupakua. Kwa hiyo kuna wali wa biriani na kuna masala ya biriani, na mtu wa Mombasa anaweza kukuambia "niongeze masala, wali unatosha". Mtindo wa wali chini na kitoweo juu si wa jana. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, ukawekwa kwenye sinia kubwa la mti, na vitoweo vikawekwa juu yake. Aliandika pia kuhusu achari za ndimu na embe zilizoletwa pembeni. Mgeni wa leo pwani asingeshangaa kitu.

Tuje kwa binti, ambaye ndiye mwenye swali zito.

Nimwambie kwanza kwamba baba yake amepatia. Tabaka lile la chini, kavu na lenye kutafunika kwa mlio, ni ukoko. Liwe limepikwa Shiraz au Makunduchi, ni ukoko. Anachokasirikia si neno bali hadhi ya neno, na hadhi hiyo tumeitengeneza wenyewe. Kwetu ukoko haupikwi, hutokea. Mama alikuwa akiona maji yamekauka huuvuta moto wa chini, akafunika, kisha akapalia makaa juu ya mfuniko ili wali ukauke kwa joto la juu na la chini. Akisahau moto wa chini kidogo, ukoko unapatikana. Wageni hupakuliwa wali; ukoko hubaki sufuriani kwa ajili ya watoto na mwiko. Ndiyo maana kitenzi chake cha kawaida ni kukwangua, na kitenzi kikishakuwa cha kukwangua, nomino haiwezi kukaa kwenye orodha ya wageni.

Sasa Waajemi wenyewe wanauitaje huo wa dhahabu? Tahdig. Tah ni chini, dig ni chungu: "chini ya chungu", basi. Hakuna dhahabu wala ua ndani ya jina hilo. Wahispania wa Valencia, kwenye paella yao, wanauita socarrat, kutoka kitenzi cha kuunguza. Na paella yenyewe, kabla ya kuwa chakula, ni kikaango. Wajapani husema okoge, kutoka kogeru, kuungua. (Naam, okoge na ukoko zinafanana sikioni. Ni sadfa tupu, wala hazina undugu. Ninaandika hivi mapema kabla hamjaniandikia.) Wakorea wana nurungji, na Wamalagasi wana ampango, na wote wawili wana tabia nzuri ambayo sisi hatuna: hutia maji kwenye chungu chenye ukoko, wakachemsha, wakapata kinywaji chepesi cha rangi ya chai chenye harufu ya kuungua kidogo, cha kushushia mlo. Kwa hiyo duniani kote jina la kitu hiki ni la kawaida, lenye masizi. Heshima imetiwa na mikono, haikutiwa na kamusi.

Na mikono ya Mwajemi inafanya hivi: anatokosa mchele kwenye maji mengi mpaka uive nusu, anauchuja, anapaka chungu mafuta na zafarani, pengine na mtindi, au anatandika vipande vya viazi au mkate mwembamba, kisha anaurudisha mchele juu yake, anafunika kwa mfuniko uliofungwa kitambaa ili mvuke usidondoke, na anauacha kwenye moto mdogo. Ukoko wake ni wa makusudi. Ukiiva, haukwanguliwi, chungu hupinduliwa na ukoko hubanduka mzima.

Hapo ndipo penye jibu la binti. Asibadilishe nomino, abadilishe kitenzi. Kukwangua ni kutoa kilichong'ang'ania, kwa vipande. Kubandua ni kuondoa kitu kikiwa kizima kutoka pale kilipogandamana. "Ukoko wa kubanduka" kila mtu ataelewa, na hakuna atakayefikiria sufuria iliyosahaulika. Kama wakwe wa Unguja watakuwepo, anaweza pia kusikia "matandu", neno jingine la kitu hichohicho. Lakini asilichague kwa kudhani ni la heshima zaidi, maana si hivyo. Na atenganishe ukoko na wali ulioungua. Ukoko una rangi ya asali na harufu ya karanga. Ulioungua una rangi ya makaa, na nyumba nzima inaujua kabla ya mpishi.

Ningekuwa ninyi, karatasi ya Ijumaa ile ningeiandika hivi: "Wali wa Kiajemi wa zafarani, na ukoko wake." Kiajemi, si lazima Kiirani, neno hilo limekaa nasi muda mrefu. Upatanisho nao uwe wa u-: ukoko wake umebanduka mzima, ukoko huu umependwa. Nimeona watu wakiandika "wali hizi" na "mchele hii", sijui kwa haraka au kwa mazoea. Wali huu, mchele huu, na "michele" ni pale tu unapotaja aina zake, wa Mbeya na pishori wa Mwea ukiwa nazo zote mbili stoo.

Jambo moja la mwisho kuhusu binti. Huenda bibi yake wa Unguja atamwonya, kama tulivyoonywa sisi, kwamba msichana au mvulana anayekula ukoko sufuriani atanyeshewa mvua siku ya harusi yake. Mimi niliukula mwingi sana utotoni, na siku ya harusi yangu mvua ilinyesha kweli. Lakini ilikuwa Aprili, na ilikuwa Tanga.