Re: Mwalimu wa ushauri nasaha anamsaidia nini binti yangu?

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu anamwita binti yako wa kidato cha nne kila wiki, wakati ameshasema anataka udaktari. Nimeifanya kazi hiyo hapa Tabora miaka kadhaa, ngoja nikuambie.

Kazi yetu si kuchagua. Tunamkalisha mtoto na ripoti zake. Nilikuwa na kijana aliyeandika PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia, njia ya udaktari) kwenye selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, kumbe Fizikia anapata F tangu kidato cha pili. Nikamuuliza, "Hospitali unaipendea nini?" Akanyamaza, kisha akasema baba ndiye anayeipenda. Yeye jioni alikuwa anashinda na mjomba wake kwenye mizinga ya nyuki, na asali anaijua kwa kuonja tu. Tukazungumza habari za chuo cha nyuki, kipo hapahapa mjini. Hajawahi kukisikia! Wala cha reli, wala cha ardhi. Watoto wetu wanajua daktari, mwalimu, askari, basi.

Kazi ngumu ni wazazi, tusifichane. Baba huyo alikuja ofisini amenuna, tukarudi kwenye ripoti ileile, mstari kwa mstari.

Matokeo yakitoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapanga wanafunzi, huwa inafungua dirisha mtandaoni la kubadili tahasusi, yaani mchepuo wa masomo kama hiyo PCB. Hapo usimwachie binti peke yake kwenye simu.

Ila kama mwalimu wenu anamwita kumtuma chai tu, hilo nenda ukaulize.