Jibu: Kutoka maabara ya utafiti hadi darasani

Ndugu, umeuliza iwapo mtafiti mwenye shahada ya uzamili ya biolojia anaweza kufundisha sekondari hapa Uganda bila kusomea ualimu. Shahada hiyo pekee haitoshi; anza na stashahada ya uzamili ya elimu, inayotolewa na vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo, kisha ujisajili kama mwalimu. Mshahara usikutishe, kwani tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya serikali amepangiwa takriban shilingi milioni 4 kwa mwezi (shule za binafsi hujipangia zao). Ugumu uko darasani: mtaala ulioanza 2020 unataka wanafunzi wachunguze wenyewe, na pale ambapo darasa zima linagombea hadubini moja, mtu anayejua kuonyesha wanga kwa kipande cha muhogo na tone la iodini atafaa kuliko mwenye makala nyingi zilizochapishwa.