Je, mtoto mgonjwa anahitaji kibali cha kukosa shule?

Pole sana dada kwa kuuguza. Umeuliza kama mwanao wa Gredi ya 4 mwenye selimundu (sickle cell) anahitaji kibali rasmi, maana barua ya mwalimu mkuu imekutisha. Tulia kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inamtaka mwalimu mkuu achunguze kwa nini mtoto hafiki. Onyo la maandishi kwa mzazi na ripoti kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti huja pale anapoona hakuna sababu ya maana. Faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, ni ya mzazi asiyempeleka mtoto shule; sidhani wanakulenga wewe.

Wangu pia ana selimundu, tuko hapa Kisumu. Mimi nilikuwa napiga simu shuleni tu, kumbe hakuna aliyeandika popote! Siku hizi kila akilazwa natoa kopi ya karatasi ya kuruhusiwa hospitalini, napeleka mwenyewe, na kwenye kopi yangu naomba mhuri na tarehe. Kisha namwomba mwalimu wa darasa kazi za wiki hiyo. Hesabu ndiyo humwacha nyuma haraka, hasa sehemu (nusu, robo na kadhalika).