Kupunguza Mwili: Anzia Kwenye Chupa ya Mafuta

Wanaonijua wakiniona siku hizi huniuliza swali lile lile: umetumia nini? Wanategemea nitaje dawa, chai au mlo wenye jina. Mimi nilianza na chupa ya mafuta ya kula, na kila anayeniomba ushauri namwambia aanzie hapo hapo. Mtu mwenye familia ya kulisha anaweza kubadilisha jambo hilo leo hii bila kununua chochote, na bila kujipikia sufuria yake pembeni wakati wengine wanakula kingine.

Nilikuwa na kilo 92 kwa urefu wa sentimita 162. Ukichukua urefu kwa mita, ukauzidisha kwa wenyewe, kisha ukagawa kilo kwa jibu hilo, unapata 35. Shirika la Afya Duniani linahesabu 30 kwenda juu kuwa ni unene uliopitiliza. Presha ilikuwa imeanza kupanda na magoti yalikuwa yananiuma. Sikuwa natafuta wembamba. Nilitaka kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Jioni ya leo fanya hivi. Kabla mafuta hayajaingia kwenye sufuria, yapitishe kwenye kijiko cha chakula na uhesabu, ukitia kiasi kile kile unachotia siku zote. Mimi kwa rosti ya maharage ya watu sita nilipata vijiko tisa. Kijiko kimoja cha chakula, yawe mafuta ya alizeti, ya mawese au ya nazi, kina kalori kama 120, kwa sababu gramu moja ya mafuta inabeba kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini inabeba 4. Vijiko tisa ni kalori 1,080. Kila mlaji anapata 180 za mafuta peke yake, kabla hujahesabu maharage wala wali. Na wali una mafuta yake, mchicha una ya kwake.

Nilishuka hadi vijiko vitatu. Kwa kila mtu hapo zimepungua kalori 120 katika chungu kimoja, na ukifanya hivyo mchana na usiku ni 240 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi mwezi mmoja wa mapishi hayo unakaribia kilo nzima. Mwilini mambo huenda taratibu zaidi ya hapo, kwa kuwa mwili ukipungua na mahitaji yake yanapungua. Lakini hakuna aliyelala njaa nyumbani kwangu, na hilo kwangu ni kubwa.

Kazi iko kwenye ladha, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema. Tumefundishwa na mama zetu kwamba rosti imeiva pale mafuta yanapopanda juu. Ukitia machache, hayatapanda, nawe utaona kama chakula bado. Kaanga kitunguu kwa moto mdogo huku umefunika. Kikianza kushika chini, nyunyiza maji kijiko kimoja kimoja badala ya kuongeza mafuta, mpaka kilegee na kuwa cha kahawia. Tia nyanya zilizoiva sana, chumvi, funika tena. Itakuwa tayari harufu ya nyanya mbichi ikishaisha, na ukipitisha mwiko chini ya sufuria, njia yake ibaki wazi kidogo kabla rojo haijairudia. Hapo tia maharage. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili hoho, na ndimu ukishaepua. Wa nyumbani walinung'unika siku za mwanzo, kisha wakazoea. Mchuzi wa nazi upike kwa tui la pili, la kwanza liwe kidogo tu mwishoni. Samaki mchome au mchemshe, kumkaanga iwe mara moja moja.

Kitu cha pili ni unachokunywa. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4. Anayetia vijiko vitatu kwenye kikombe na kunywa vikombe vitatu kwa siku ameshatumia gramu 36 kwenye chai tu. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya chakula cha siku, sawa na gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000, na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo, gramu 25. Soda nyingi zina gramu 10 na zaidi katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa moja ya nusu lita inamaliza kiwango cha siku nzima. Soda niliiacha kabisa. Chai sikuweza kuikatia sukari kwa siku moja, nilipunguza nusu kijiko, nikazoea, nikapunguza tena. Iliki, mdalasini na mchaichai vinasaidia sana ulimi usihisi kunyimwa. Juisi ya embe au ya ukwaju iliyotiwa sukari nayo ni sukari, hata kama umeikamua mwenyewe. Embe lile tafuna.

Ugali na wali sijaacha. Kuna watu wanasema acha wanga wote, na wapo wanaopungua kwa njia hiyo, ila sijaona nyumba ya kwetu inayoweza kuishi hivyo miaka. Nilichofanya ni kujipakulia kwenye sahani yangu. Mkila kwenye sinia moja huwezi kujua umekula kiasi gani, kwa sababu unakula kwa mwendo wa wenzako. Nusu ya sahani ni mboga, iwe mchicha, matembele, kabichi au bamia. Ugali ni wa ukubwa wa ngumi, wa dona kama upo, kwa kuwa una kapi na kiini ambavyo sembe imenyang'anywa, na unakaa tumboni. Sehemu iliyobaki ni maharage, choroko, dagaa, samaki au yai. Usiipunje sehemu hii. Protini inashibisha, na inasaidia usipoteze misuli wakati mwili unashuka. Halafu kuna mabaki ya watoto. Akina mama wengi tunamalizia sahani zao kwa kuogopa chakula kutupwa. Wapakulie kidogo, wakitaka waongezwe.

Njaa ya usiku ina dawa yake, na dawa hiyo inaliwa saa kumi jioni. Ukitoka kazini saa kumi na moja, ukakaa kwenye foleni ya Dar es Salaam mpaka saa mbili, ukishuka kituoni ukakutana na harufu ya chipsi mayai, hapo hakuna nia itakayokuokoa. Beba yai la kuchemsha, ndizi, au konzi ndogo ya karanga. Kula kabla hujapanda daladala. Utafika nyumbani una njaa ya kawaida, siyo ile ya kutetemeka.

Kuhusu watu, nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu mimi chakula hakikunisumbua kama maneno. Kwetu mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, mume anamtunza. Akipungua, maswali yanaanza. Mama yangu alinipigia simu baada ya kuambiwa na jirani: "Mwanangu, mbona nasikia umekonda? Unaumwa unanificha?" Simlaumu. Kizazi chake kilizika ndugu na majirani kabla dawa za ARV hazijasambaa, na kupungua mwili kulikuwa ndiyo habari ya kwanza ya msiba. Nilimjibu, "Shikamoo mama. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Presha ilikuwa inapanda, daktari kaniambia nipunguze mwili, nami napunguza." Hilo jibu lilimtuliza, na tangu hapo ndilo ninalowapa wote. Litumie. Neno presha linaeleweka na kila mtu mzima, na anayelisikia anageuka kuwa msaidizi. Shangazi yangu ndiye sasa anayewazuia wengine wasiniongezee pilau kwenye shughuli.

Wala usitangaze mapema. Wape wa ndani ya nyumba habari, kwa sababu wanakula sufuria moja nawe, wengine wataona wenyewe.

Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, sukari, usingizi na akili, hata kama mizani haisogei, ndiyo maana usiyasubirishe mpaka upungue. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za kujituma kiasi, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili. Kujituma kiasi maana yake unatembea ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nilianza kwa kushuka kituo kimoja kabla ya changu. Kwa misuli, kaa na uinuke kwenye kiti bila kushika, na usukume ukuta kama unafanya pushapu ukiwa umesimama. Magoti yakiuma sana usikimbie, tembea. Kwa mwanamke anayeogopa kutoka peke yake alfajiri, mitaa mingi ya Dar ina vikundi vya jogging, na humo wapo wanaotembea tu.

Mizani pima mara moja kwa wiki, asubuhi, umeshatoka msalani na hujanywa chai. Wiki ya kwanza unaweza kuona umeshuka sana. Sehemu kubwa ni maji, kwa sababu wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa na maji kama mara tatu ya uzito wake, na akiba hiyo ikitumika maji yanatoka. Baada ya hapo nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndio mwendo salama, na kuna wiki utakaa pale pale. Kwa wanawake, siku za kukaribia hedhi mwili hushika maji, usizihesabu. Nunua pia futi ya fundi cherehani. Kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu wako, na mara nyingine kinapungua wakati kilo zimegoma.

Wala usidhani ni lazima zishuke kilo nyingi ndipo faida ionekane. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, uliwapa kundi moja lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Uwezekano wao wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, walipunguza asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 92, asilimia 7 ni kilo sita na nusu hivi.

Chai za kupunguza tumbo ziache. Nyingi zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa huko juu, kwa hiyo unachopoteza ni maji na chumvi za mwili.

Kabla hujaanza, pima presha na sukari. Mjamzito asipunguze mwili, na anayenyonyesha azungumze kwanza na muuguzi. Ukiona unapungua bila kujaribu, nenda hospitali ukapimwe kisukari, kifua kikuu na VVU. Na kama tayari una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, usipunguze ugali na sukari kimya kimya, kwa sababu dozi ile ile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari hadi uzimie. Ukiona jasho la baridi, kutetemeka au kuchanganyikiwa, kunywa maji ya sukari au soda mara moja, hata kama uliapa kutoigusa, kisha upelekwe hospitali. Kwa hiyo nenda kliniki kwanza na umuulize daktari hivi: "Nataka kupunguza wanga na kuanza kutembea kila siku. Dozi yangu ibaki hii hii?" Watu wa dawa za presha waulize hilo hilo, kwa maana uzito ukishuka presha nayo hushuka, na dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa.