Barua kwa mwanangu: osha, fua, nawa

Mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nachambua mchele nikaiweka simu kwenye ungo kabisa. Unasema mwalimu wa chekechea kalalamika mjukuu wangu anachanganya maneno, anasema "nimeosha soksi" afu anasema "nimefua mikono", umemnunulia kadi za picha kakariri zote na kesho yake kachanganya tena, sa unauliza umsahihishe kila akikosea au umwache tu atajua mwenyewe akikua.

Kwanza hizo kadi. Hebu ziangalie vizuri, yule mama anayefua ana beseni na maji na povu, na yule anayeosha vyombo naye beseni na maji na povu, sa mtoto wa miaka minne atatofautisha vipi kwa macho? Tofauti iko mikononi mama. Nguo unaifikicha, unaikamua, unaenda kuianika, sahani haikamuliwi. Mpe soksi zake mbili na kabeseni kake, akae karoni na wewe uwe unasema tunafua, tunasuuza, haya kamua, twende tukaanike. Afu akitoka hapo ananawa. Kunawa ni mikono na uso na mtu anajinawia mwenyewe, ukimfanyia wewe unamnawisha. Akishakamua soksi kwa nguvu zake zote hiyo fua haimtoki tena, maana fua ni neno la nguvu toka zamani, ndo maana nazi nayo inafuliwa, yaani inatolewa makumbi, kwenye kifuo na chuma kinafuliwa, na nguo wakati wa bibi yako zilikuwa zinapigwa kwenye jiwe.

Kumsahihisha, usimkatishe. Akisema "mama nimeosha soksi" we mjibu, enhe umefua soksi, umezianika wapi? Basi. Kalisikia neno na mazungumzo yameendelea. Ukimwambia "hapana, sema umefua" anajua amekosea tu, na kesho atanyamaza asije akakosea tena, na mtoto akinyamaza huna tena pa kumshika.

Na nikwambie lingine bila kukuficha, ukija huku nakusikia, kila kitu kwako ni "safisha". Safisha mikono, safisha viatu, safisha meza, mdomo pia safisha. Sa yeye atapata wapi sukutua, pangusa, suuza? Na macho unamwambia "funga macho" kila siku. Mlango unafungwa, macho yanafumbwa, masikio yanazibwa, sufuria inafunikwa. Cheza naye kombolela hapo uani umwambie fumba macho, hesabu, haya fumbua, jioni moja tu atakuwa nalo.

We mwenyewe ulikuwa hivo hivo. Ulikuwa na miaka minne au mitano, bibi yako kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, ukamwambia "bibi nipe nazi ninywe". Hakucheka, kakupa kipande ukatafuna, ukasema siyo hii. Akaiacha kazi yake akakushika mkono mkaenda mnazini, mkarudi na kidaka na kitale, zile changa kabisa, vilivyodondoka, akaongezea dafu la kunywa na koroma inayokaribia kukomaa na nazi ya jikoni akazipanga kwenye mkeka, na mbata moja, ile iliyokaukia ndani, akakutikisia sikioni usikie inavyogonga ndani. Ukazitikisa zote. Wiki nzima ulikuwa unatikisa kila kitu humu ndani hadi kopo la chumvi, lakini dafu hukuliita tena nazi mpaka leo.

Yale ya kufanana sauti kama kalamu na karamu, mahali na mahari, hayo usihangaike nayo sasa, ulimi wake bado na r itakuja. Kuazima na kukopa ndo unaweza kuanza nayo maana mnaishi na majirani. Mtume na kibakuli akakope sukari, afu siku nyingine akaazime chekeche, na kurudisha arudishe yeye mwenyewe, ataona chekeche limerudi lile lile ila sukari imerudi nyingine.

Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi kiroba. Kuna dafu moja, koroma, nazi mbili hazijafuliwa, na mbata nimeitafuta kweli kweli nikaipata. Kitale kimo kwenye gazeti usije ukakitupa ukidhani ni uchafu. Usimwambie majina kabla, mwache ashike kwanza, atikise, na maji ya dafu ayanywe, yale ya koroma ayaonje tu akunje uso. Afu nipigieni, nataka anieleze yeye.

Mama yako