Wasomaji Wauliza: Jamii Isiyolala Njaa

Barua za toleo hili zinahusu riwaya moja, The Giver ya Mmarekani Lois Lowry, iliyotoka mwaka 1993 na kupata Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata. Kwa ambaye hajaisoma: Jonas anakaribia miaka 12 katika jamii ambamo Baraza la Wazee humpangia kila mtu kazi, mwenza na watoto. Yeye anateuliwa kuwa Mpokeaji wa Kumbukumbu, abebe peke yake kumbukumbu za dunia ya zamani, za raha na za vita, anazokabidhiwa na mzee aitwaye Mtoaji. Majibu yetu yanataja mpaka mwisho wa hadithi, kwa hiyo ambaye bado anasoma ayaweke kiporo.

Wahariri, shikamooni. Niliandika insha ya kurasa mbili kwamba jamii ya Jonas ni ya kidikteta na inawanyima watu uhuru. Mwalimu ameirudisha na maneno "hoja ipo, ushahidi haupo". Nirekebishe wapi?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Ilemela*

Marahaba. Neno "udikteta" umelitanguliza kabla hujaitazama jamii yenyewe. Insha nyingi za riwaya hii hukwama hapo hapo: hukumu inatolewa aya ya kwanza, na kurasa zinazobaki zinairudia kwa maneno mengine. Watu wa Jonas hawalali njaa, hawagombani barabarani, wazee wao wanaogeshwa na kutunzwa. Wameridhika. Usipokubali kwanza kwamba raha yao ni ya kweli, bei waliyoilipa hutaiona.

Fanya hivi. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika walichopata, kulia walichotoa. Usiandike maneno ya jumla kama "amani" au "uhuru". Andika tukio na namba ya sura. Kwa mfano, watoto wa miaka minne hadi sita huvaa koti lenye vifungo mgongoni, ili kila mmoja alazimike kumfunga mwenzake. Hapo wamepata ushirikiano. Kila familia ina watoto wawili tu, wa kiume na wa kike, na waliowazaa ni wanawake wengine waliopewa kazi hiyo. Hapo hakuna mtoto asiye na makazi, lakini hakuna pia anayemjua bibi yake. Sura ya 14 ina ushahidi ambao wanafunzi wengi huupita: raia waliomba kila mwanamke mwenye kazi hiyo ya kuzaa azae watoto wanne badala ya watatu, wapatikane vibarua zaidi. Mtoaji alishauri wakatae, kwa sababu yeye peke yake aliikumbuka njaa. Hapo unaona kwamba hata wao wanajua hawawezi kuishi bila kumbukumbu. Wamechagua tu mtu mmoja aumie kwa niaba ya wote.

Sasa chukua suala la vilima. Jonas anauliza theluji na vilima vilikwenda wapi. Anajibiwa kwamba theluji ilibana kilimo, na vilima vilichelewesha malori na mabasi. Msomaji wa Mwanza ana nafasi nzuri kuliko wengine ya kulipima jibu hilo. Simama Mabatini au Igogo, utazame nyumba zilizopandana juu ya mawe. Anayepandisha ndoo ya lita 20 kila asubuhi ana sababu ya haki kabisa ya kutamani kilima kisawazishwe, na mgonjwa anayeteremshwa usiku mpaka gari lilipo ana sababu kubwa zaidi. Yaandike hayo kwanza, bila kuyapunguza. Ndipo uulize nani angeamua, nani angehamishwa, na baada ya miaka 100 nani angejua kwamba mji huu uliwahi kuwa na mawe. Hoja iliyompa mpinzani wako haki yake huwa ngumu kuangushwa.

Ukipata jozi sita, chagua tatu zenye nguvu. Kila aya ianze na sentensi moja ya hoja, ifuate na tukio na sura yake, kisha dondoo fupi isiyozidi mistari miwili, halafu sentensi tatu au nne za kueleza tukio hilo linathibitishaje hoja. Wengi huishia kwenye dondoo, wakidhani imejieleza. Haijajieleza. Mwalimu anatafuta hizo sentensi za mwisho, na alama ziko huko.

Kosa jingine la kuepuka ni kumwita baba yake Jonas katili. Ni mpole, anawapenda watoto wachanga, na anamleta mtoto Gabriel nyumbani ili amwokoe. Ukimfanya jini, utashindwa kueleza sura ya 19, ambamo anamuua mtoto mchanga.

Klabu yetu ina wanachama 20 na nakala nne tu. Tulijaribu kupokezana, lakini wa mwisho alikipata kitabu wenzake wakiwa wameshasahau. Tupange vipi?
*Katibu wa klabu ya usomaji, Nyakato*

Acheni kupokezana kitabu kizima. Gawaneni makundi manne ya watu watano, kila kundi nakala moja, na msome kwa sauti mkiwa pamoja. Kila mtu asome kurasa mbili kisha ampe anayefuata. Riwaya ina sura 23, nyingi fupi. Tengeni kama dakika 20 kwa sura, pamoja na kusimama kueleza maneno magumu.

Wiki sita zinatosha: sura 1 hadi 5, kisha 6 hadi 9, 10 hadi 13, 14 hadi 18, halafu 19 na 20 peke yake, na mwisho 21 hadi 23. Wiki ya tano tumeifanya nyepesi makusudi, kwa kuwa sura ya 19 huhitaji muda wa kuzungumza kuliko wa kusoma. Kila kundi liwe na daftari moja lenye tarehe, sura, maswali mawili na neno moja lililowashinda. Aliyekosa siku moja asomewe daftari, asisimuliwe kwa mdomo, maana anayesimulia huruka mambo.

Kinachoharibu vikao ni msomaji hodari anayemaliza mapema na kumwaga siri. Mpeni kazi: arudi sura za mwanzo na kutafuta majina ya rangi. Kwamba watu wa Jonas hawaoni rangi kunafichuliwa sura ya 12, na atakayerudi nyuma baada ya hapo ataelewa tofaa la sura ya 3 lilikuwa na nini.

Mwanangu ana miaka 12 na amekileta kitabu hiki nyumbani. Nimesikia kuna mtoto mchanga anauawa. Nimzuie?
*Mama, Nansio, Ukerewe*

Ni kweli, mama. Katika sura ya 19 Jonas anamwona baba yake akimchoma sindano kwenye mshipa wa paji la uso mtoto mdogo kati ya mapacha, kwa sababu uzito wake ni pungufu, huku akimsemesha kwa sauti ya kubembeleza. Jamii yao huita jambo hilo "kuachiliwa". Sura ya 15 nayo ina kumbukumbu ya vita, na kijana anayekufa akiomba maji. Nchini Marekani kitabu hiki kilikuwa kati ya vilivyolalamikiwa zaidi katika miaka ya 1990, kwa hiyo hofu yako si ya peke yako.

Ushauri wetu ni umwache asome, ila wewe utangulie. Isome sura ya 19 mwenyewe, kisha siku atakayoifikia asiisome usiku akiwa peke yake. Muulize swali moja tu: baba alikuwa anajua anachofanya? Mwache aongee mpaka amalize. Kama nyumbani mmefiwa na mtoto karibuni, ahirisheni, kitabu hakiozi.

Je, kila sheria si udhibiti? Huku tunakatazwa kuvua kwa kokoro na kukamata sangara wadogo. Tofauti yetu na jamii ya Jonas ni nini?
*Msomaji wa Kidato cha Nne, Igombe*

Swali hili ni zuri kuliko insha nyingi tulizosoma. Usiipime sheria kwa ukali wake. Ipime kwa maswali matatu: sababu yake inajulikana na kila anayeifuata? Kuna mahali pa kuipinga bila kupotea? Ikikosea, kuna anayekumbuka hali ilivyokuwa kabla yake?

Marufuku ya sangara wa chini ya sentimeta 50 ina sababu ambayo mvuvi anaweza kuipima mwenyewe kwa rula na kwa kisu: samaki huyo kwa kawaida hajapata kuzaa. Kokoro hukokota mpaka mayai na vifaranga ufukweni. Mvuvi anaweza kuibishia sheria kwenye mkutano wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni, na viongozi wa BMU huchaguliwa na wavuvi wenyewe. Utekelezaji unaweza kuwa mbovu, lakini mlango wa kubisha upo. Kwa Jonas, kidonge cha asubuhi kinamezwa na watu wasiojua kinazima nini ndani yao. Orodha ya masharti anayopewa katika sura ya 9 ina mambo manane, na moja linamruhusu kumuuliza mtu yeyote swali lolote. Maana yake ni kwamba wengine wote hawana ruhusa hiyo.

Ziwa Victoria lenyewe linatufundisha swali la tatu. Sangara aliingizwa kuanzia miaka ya 1950 kwa nia njema, apatikane samaki mkubwa wa chakula na biashara. Kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wa aina nyingi sana walikuwa wametoweka. Wazee wa ufukweni waliowahi kuvua furu bado wapo na wanaweza kusema ziwa lilikuwaje. Nendeni mkawaulize aina walizozijua kwa majina, muandike. Kwa kazi ya klabu juu ya riwaya hii hatujui zoezi bora zaidi.

Lowry alikuwa anaisema nchi gani? Tumebishana: wengine wanasema Urusi, wengine wanasema vijiji vya Ujamaa.
*Wanafunzi wawili, Magu*

Hakuna nchi moja. Alipopokea Medali ya Newbery mwaka 1994, Lowry alieleza kumbukumbu kadhaa zilizokizaa kitabu. Mojawapo ni ya utoto wake Tokyo, alikoishi katika mtaa wa Wamarekani uliozungushiwa uzio. Nyingine ni ya baba yake, aliyekuwa amezeeka na kuanza kusahau. Mnaweza kulinganisha na Ujamaa mkitaka, mradi mseme wazi kwamba ulinganisho ni wenu.

Jonas anakufa mwishoni au hafi?
*Msomaji, Sengerema*

Katika kitabu hiki mwandishi ameacha wazi. Katika Messenger, kilichotoka 2004, Jonas yu hai na ni kiongozi wa kijiji. Kwenye mtihani lakini jibu kwa ushahidi wa kitabu ulichoulizwa: muziki anaousikia kwenye sentensi za mwisho, na mwandishi kukiri kwamba huenda ni mwangwi tu.

Tusome nini cha Kiswahili sambamba na hiki?
*Mwalimu wa fasihi, Misungwi*

Mwalimu, anza na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema, wakarudi nayo, wakafungwa. Ni fupi, na wanafunzi wako wataisoma haraka kuliko The Giver kwa kuwa lugha si kikwazo cha kwanza, ingawa msamiati wake unahitaji kamusi mezani.

Usiwaulize ni kipi bora. Wape jambo moja la kulinganisha: Kusadikika kuna baraza, kuna mshtaki, na mshtakiwa anasikilizwa mbele ya mfalme, kwa Jonas hakuna pa kusimama kujitetea, na njia anayobaki nayo ni kutoroka usiku kwa baiskeli ya baba yake akiwa na mtoto Gabriel kwenye kiti cha nyuma. Gawa darasa mara mbili. Nusu waandike utetezi ambao Jonas angeutoa kama angefikishwa mbele ya baraza la Karama, kwa matukio yenye sura. Nusu nyingine waandike jibu la Majivuno, nao wasiruhusiwe kumfanya mjinga.